Duka likihama, mteja atakupata wapi?

Swali hili hutufikia kwa sura nyingi. Nifungue tovuti, ama ukurasa wa Facebook unatosha? Kuna kijana amesema atanitengenezea tovuti kwa elfu kumi na tano, nimlipe? Nikiweka pesa kwenye tangazo, zitarudi? Sisi kazi yetu ni malipo. Hatuuzi tovuti wala matangazo. Lakini malipo hayaingii kama mteja hajakupata kwanza, kwa hivyo somo la leo ni la kupatikana.

Tutalifanyia Soweto East, pale Kibera. Mfanyabiashara wa huko anajua jambo ambalo wengine hujifunza wakiwa wamechelewa: mahali unapouzia huenda si pako. Septemba 2009, wakazi wa sehemu ya kwanza ya Soweto East, ile inayoitwa Zone A, walianza kuhamishiwa nyumba za muda kule Lang'ata ili mtaa ujengwe upya chini ya mpango wa kuboresha makazi, KENSUP. Nyumba 822 zilizojengwa pale zilikabidhiwa Julai 2016. Piga hesabu mwenyewe, ni karibu miaka saba. Mtu aliyekuwa akiuza omena kwa majirani wa ploti tatu alibaki na karai lake, majirani wakiwa ng'ambo ya pili. Tarehe 23 Julai 2018, matingatinga yaliingia Kibera kufungua njia ya barabara inayounganisha upande wa Ngong Road na Lang'ata, na waliokuwa na vibanda kwenye njia hiyo wakaanza upya mahali pengine. Soko la Toi, ambako nusu ya mtaa hununua mitumba ya kuuza, limeungua zaidi ya mara moja, moto mmoja ukiwa wa Juni 2024.

Kila mara swali huwa lile lile. Mteja aliyezoea kona yako anakuja, anakuta mabati yameondolewa. Anakuulizia kwa nani?

Wengi hujibu, "Mimi niko mtandaoni, atanipata." Inategemea uko mtandaoni kwa nani.

Matingatinga ya mtandaoni

Google ilikuwa na huduma ya bure iliyomwezesha mwenye biashara kutengeneza katovuti kadogo kwa dakika chache kutoka kwenye wasifu wake wa ramani. Watu wengi wakaichukua, wakaandika anwani hiyo kwenye kadi na kwenye ukuta wa duka. Machi 2024 Google ilizizima tovuti hizo zote. Anwani ya zamani iliendelea kumpeleka mteja kwenye wasifu wa ramani hadi Juni mwaka huo, kisha ikafa. Kabla ya hapo, mwaka wa 2019, OLX iliondoka sokoni hapa Kenya na biashara yake ikachukuliwa na Jiji. Aliyekuwa amejenga jina lake ndani ya matangazo ya OLX ilimbidi ajitambulishe tena kama mgeni.

Hatusemi huduma hizi ni mbaya. Kupanga si dhambi, karibu kila mtu Kibera amepanga. Mpangaji mwerevu tu hujua kitu gani ni chake na kitu gani ni cha landilodi, ili siku ya kuhama abebe vyake asibaki akigombania mlango.

Mtandaoni, vyako ni vichache. Cha kwanza ni nambari ya simu ya biashara. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na baadaye kupewa mtu mwingine, na akaunti ya WhatsApp iliyolala siku 120 hufutwa. Kwa hivyo hiyo laini iweke hai hata kama simu yake ni ile ndogo ya mulika mwizi. Cha pili ni jina la tovuti, lile linaloishia kwa .co.ke au .com, ambalo watu wa kompyuta huliita kikoa. Majina ya .ke husimamiwa na KENIC na kuuzwa na kampuni zilizoidhinishwa. Unalilipia kila mwaka, na ukiendelea kulipa linabaki lako hata ukibadilisha kila kitu kilicho nyuma yake. Cha tatu ni orodha ya wateja waliokubali wenyewe uwatafute. Hivyo vitatu vikiwa mkononi mwako, Facebook ikifunga akaunti yako kesho utaumia, lakini hutazikwa.

Tumchukue mshonaji

Tuseme kuna mama mshonaji hapo Soweto East. Tunambuni sisi, lakini utamtambua. Ana cherehani mbili, anashona sare za shule, pazia, na nguo za harusi msimu ukifika. Wateja wake wengi wanatoka Kibera yenyewe, wachache Kawangware, wengine wanapita tu. Ana simu ya kugusa na bando la siku. Anapokea malipo kwa tili. Afungue nini?

Jibu letu la kwanza litawashangaza baadhi ya wasomaji: bado asinunue tovuti. Aanze na WhatsApp Business. Programu hiyo ilitoka Januari 2018, ni ya bure, na inakaa kwenye simu moja na WhatsApp ya kawaida mradi kila moja iwe na nambari yake. Ina katalogi ya kuweka picha, maelezo na bei. Ina ujumbe wa kujibu wenyewe wakati mikono iko kwenye cherehani. Ina lebo, ili aliyelipa amana asichanganywe na anayeuliza tu. Kwa biashara inayopokea oda tano au kumi kwa siku, hiyo ni ofisi nzima. Aweke pia ile PIN ya hatua mbili ya WhatsApp, kwa sababu tapeli akiiteka akaunti ataomba pesa kwa wateja wote kwa jina lake.

Udhaifu wa WhatsApp ni kwamba hakuna anayekutafuta huko bila kukujua. Mzazi mgeni aliyehamia nyumba mpya anaandika kwenye simu "sare za shule karibu nami", na WhatsApp haimo katika majibu. Hapo ndipo wasifu wa Google unaoonekana kwenye ramani unapofanya kazi, nao ni bure. Facebook na TikTok huleta macho, lakini macho ya leo. Picha uliyoweka Jumanne, Ijumaa imeshazama. Tovuti yako mwenyewe ndiyo inayobaki mahali pamoja ikisubiri.

Siku mshonaji wetu atakapohitaji tovuti, na huenda ikawa siku ambayo shule moja itamwomba "tuma linki tuone kazi zako", ana njia kadhaa. Blogger, iliyoanza mwaka wa 1999 na kununuliwa na Google mwaka wa 2003, bado ipo, bado ni bure, na inamruhusu kuunganisha jina lake la .co.ke bila kulipa chochote zaidi ya jina lenyewe. Watu huicheka kwa kuwa ni ya kizamani. Sisi tunaipenda kwa sababu hiyo hiyo: ni nyepesi, na unaweza kupakua maandishi yako yote ukaondoka nayo. Google Sites nayo ni bure, rahisi zaidi, na pia hukubali jina lako.

WordPress inachanganya watu kwa sababu ni mbili. Programu yenyewe, iliyoanza mwaka wa 2003, ni ya bure. Unaichukua na kuiweka kwenye nafasi uliyokodi kwa kampuni ya kuhifadhi tovuti, na usalama wake ni juu yako. WordPress.com ni kampuni inayokuwekea programu hiyo na kukutunzia. Mpango wake wa bure haukubali jina lako la.co.ke, ni lazima ulipe. Kijana anayesema "nitakuwekea WordPress" umwulize ni ipi. Akisita, umepata jibu.

Halafu kuna Wix na Shopify na wenzao, ambao unavuta picha kwa kidole na duka linasimama. Zinavutia kweli. Tunakuomba uangalie mambo mawili kabla ya kulipa. Moja ni kwamba bei iko kwa dola na inakatwa kila mwezi yenyewe. Huduma ya dola 10 ilikuwa kama shilingi 1,600 mapema mwaka wa 2024 dola ilipopanda hadi 160, na kama 1,290 kufikia mwisho wa mwaka huo. Bei ya nguo zako haikubadilika hivyo. La pili ni mlango wa kutokea. Tovuti uliyoijenga Wix huwezi kuibeba nzima nzima ukaipeleka kwa kampuni nyingine. Ukihama, unajenga tena kutoka msingi. Kwa duka kubwa lenye bidhaa mia tatu na mtu wa kulisimamia, gharama hiyo inaweza kuwa na maana. Kwa cherehani mbili, hapana.

Soweto gani?

Kabla ya mwaka wa 2009, ukifungua ramani kwenye intaneti Kibera ilikuwa karibu wazi, kama hakuna mtu. Mwaka huo vijana wa humo humo, katika mradi wa Map Kibera, walitembea vichochoroni na vifaa vya GPS wakachora zahanati, shule, vyoo, mabomba ya maji na njia, wakaviweka kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Leo hali ni tofauti, lakini kazi ya kujiweka kwenye ramani bado ni ya mwenye duka mwenyewe, na huku kwetu ina mitego.

Mtego wa kwanza ni jina. Ukiandika "Soweto" peke yake, mteja anaweza kuelekezwa Soweto ya Kayole, ama ya Kahawa West, ama akaonyeshwa picha za Afrika Kusini. Andika "Soweto East, Kibera, Nairobi" kila mahali, kwa mpangilio huo huo. Pia, watu wengine huandika Kibera na wengine Kibra, kama eneo bunge lilivyoandikwa tangu uchaguzi wa 2013. Jina la duka liandike kwa njia moja tu, lakini katika maelezo tumia yote mawili mara moja moja, ili anayetafuta kwa lolote akufikie.

Mtego wa pili ni kwamba hatuna nambari za nyumba. Google inaweza kutaka kuthibitisha kwamba duka lipo, mara nyingi kwa video fupi inayoonyesha njia, kibao cha duka na wewe ukifungua. Andaa kibao kwanza, hata kama ni cha mbao na rangi. Kama unashonea chumbani unakolala na hutaki watu wabishe hodi usiku, wasifu huo huo unakuruhusu kuficha mahali hasa na kutaja tu maeneo unayohudumia: Kibera, Kawangware, Lang'ata, Ngong Road. Maelekezo yaandike kama unavyomwelekeza mtu kwa mdomo. Alama anayoiona mteja akishuka kwenye matatu ina faida kuliko jina la barabara ambalo hakuna anayelitumia.

Ukihama, jambo la kwanza kufanya kabla hata ya kupanga vitambaa ni kusogeza alama kwenye ramani. Usifungue wasifu mpya. Ukifanya hivyo unaacha nyuma maoni yote ya wateja uliyokusanya. Sogeza ule wa zamani.

Bei, picha na bando la mteja

Hapa tuna maoni makali kidogo. Tabia ya kuandika "bei njoo inbox" inawapotezea watu pesa. Mteja mwenye shilingi 1,200 mfukoni anataka kujua kama zinatosha kabla hajajianika. Akikosa bei anadhani ni ghali, ama anadhani bei itategemea anavyoongea. Andika bei. Kama inabadilika kwa saizi, andika "kuanzia" na uonyeshe inakoishia. Washindani wako wataiona, ndiyo, lakini wao walishatuma mtoto kuuliza.

Picha ipigwe mchana, karibu na mlango, nguo ikiwa imetundikwa au imevaliwa, bila kontena la maji nyuma. Kisha ipunguze uzito. Picha moja kutoka simu za sasa inaweza kuwa na MB 3. Ukurasa wenye picha 12 za namna hiyo ni MB 36, na mteja aliyenunua bando la shilingi chache ataona linayeyuka kabla hajafika kwenye kaptula. Picha hizo hizo zikipunguzwa hadi KB 150 kila moja, ukurasa mzima hauzidi MB 2. Programu za kupunguza picha ziko nyingi na za bure. Njia ya mkato ni kujitumia picha mwenyewe kwa WhatsApp, kwa kuwa hupunguzwa njiani. Baada ya kuweka ukurasa, ufungue kwa simu ya bei ya chini kabisa unayoweza kuazima, ukiwa ndani ya nyumba ambako mtandao ni wa shida. Hiyo ndiyo simu ya mteja wako.

Mshonaji wetu akitaka kupata oda za Kawangware bila mtu kupoteza nauli kwa ajili ya kupimwa, aweke maelezo mafupi ya kupima kifua, kiuno na urefu wa mtoto kwa utepe, ama kwa kamba na rula kama hakuna utepe. Maelezo ya namna hiyo huleta wateja kuliko sentensi kumi za kujisifu, na Google huyapata pia.

Mahali pa kulipia

Sasa tumefika kwetu. Mteja amekupata, amependa, anataka kulipa. Hapa ndipo oda nyingi hufia, na chanzo mara nyingi ni jina. Ukurasa unasema jina moja la kuvutia, halafu akiweka nambari ya tili simu inamwonyesha jina lingine kabisa, pengine la shemeji aliyekusaidia kusajili. Mteja aliyewahi kuibiwa ataghairi hapo hapo, na hatumlaumu. Hakikisha jina la tili linafanana na la duka. Kama bado halijabadilishwa, andika wazi chini ya nambari: "Ukilipa utaona jina hili", ukiliandika jinsi linavyotokea.

Usiweke laini yako ya kibinafsi kuwa ya kulipia mtandaoni. Nambari iliyoko kwenye ukurasa wa wazi hukusanywa na matapeli, na pesa za karo zikichanganyika na pesa za vitambaa hutajua kamwe kama unapata faida. Ndiyo maana kuna tili, na kwa biashara ndogo kabisa kuna huduma kama Pochi la Biashara.

Mfumo wa kulipa wenyewe, ule ambao mteja akibonyeza simu yake inaleta kidirisha cha kuweka PIN, ni mzuri lakini unahitaji fundi wa kuunganisha. Kama oda zako zinahesabika kwa vidole, nambari iliyoandikwa wazi inatosha. Wakumbushe wateja kwamba PIN huwekwa kwenye kidirisha kinachotoka kwa laini yao, kamwe si ndani ya ukurasa wa tovuti. Na wewe usitoe mzigo kwa sababu ya skrinshoti. Skrinshoti hutengenezwa, na ujumbe wa uongo unaofanana na wa malipo hutumwa kutoka nambari ya kawaida. Fungua salio la biashara uone pesa zimeingia, ndipo umkabidhi boda mfuko.

Tangazo lirudishe pesa zake

Kulipia tangazo ni kama kununua kitambaa: unapiga hesabu kwanza. Tuseme sare moja ya shati na kaptula inauzwa 1,200. Kitambaa, uzi na vifungo ni 700, stima na usafiri 100. Inabaki 400. Mshonaji anaweka tangazo la shilingi 200 kwa siku, siku tano. Hiyo ni 1,000. Gawanya 1,000 kwa 400, unapata mbili na nusu. Kwa hivyo oda tatu zinazotokana na tangazo ndizo zinazolirudisha, na ya nne ndiyo inayoanza kumpa faida ya maana. Watu thelathini wakiandika "bei?" na wawili wakinunua, amepoteza 200, hata kama tangazo lina moyo mwekundu mia mbili. Mioyo haiwezi kwenda sokoni.

Ili ujue oda imetoka wapi, muulize kila mteja mpya, "Umetupata wapi?" na uandike kwenye daftari. Kuna vifaa vya kupima haya mambo mtandaoni, lakini daftari hushinda kwa biashara ya kiwango hiki.

Tangazo la sare lina wakati wake. Liweke Desemba inapoelekea mwisho, kabla shule hazijafunguliwa Januari, mzazi akiwa bado hajamaliza pesa zote kwa sikukuu. Februari ni kutupa hela. Na usichague Nairobi nzima. Chora duara dogo linalogusa Kibera na Kawangware, kwa sababu mtu wa Githurai akikupenda hatakuja kupimwa. Kama huna kadi ya benki ya kulipia Facebook au Google, kadi pepe ya M-Pesa GlobalPay iliyoanza mwaka wa 2022 ni njia mojawapo. Weka kiasi unachotaka kutumia tu.

Stetasi ya WhatsApp haina gharama na huonwa na watu wenye nambari yako. Kwa wengi wa wateja wa mtaani, stetasi tatu kwa siku, moja ya kazi iliyokamilika, moja ya bei, moja ya kawaida tu ya maisha, hufanya zaidi ya tangazo la kulipia. Tatu, si ishirini.

Picha za watoto na nambari za watu

Hili linamhusu mshonaji wa sare moja kwa moja. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, na kamishna wake ametoza faini. Septemba 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na kilabu kimoja cha burudani jijini kikatozwa 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakukubali. Biashara ndogo yenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 kwa kawaida haihitaji kujisajili kwa kamishna, lakini sheria yenyewe bado inaihusu. Kwa hivyo mtoto aliyevaa sare mpya akipendeza, mwombe mzazi ruhusa kwa ujumbe wa maandishi na uutunze. Ama tundika sare kwenye henga, yaishe.

Nambari za waliokulipa kwa tili si zawadi ya kutumiwa matangazo. Walikupa ili wanunue. Ukitaka kuwaandikia baadaye, waulize siku ile ile wanapochukua mzigo: "Nikuweke kwenye orodha nikutumie bei mpya Januari?" Anayesema ndiyo huyo ni wako, na akisema baadaye umtoe, mtoe siku hiyo hiyo.

Kabla ya kumlipa fundi wa tovuti

Turudi kwa kijana wa elfu kumi na tano. Vijana wengi wa kazi hii ni waaminifu na wana ujuzi, na wengine wamesomea hapo hapo Kibera. Ugomvi unaotufikia haujatokana sana na wizi, umetokana na mambo ambayo hayakusemwa mwanzoni. Jina la tovuti lilisajiliwa kwa barua pepe ya fundi, fundi akapata kazi Mombasa, mwaka ukaisha, jina likakatika na mwenye duka hana pa kuingilia kulipia.

Kwa hivyo jisajilie jina mwenyewe, kwa barua pepe yako na simu yako, kisha mpe fundi ruhusa ya kufanya kazi. Ni fomu ya dakika kumi na unalipa kwa simu. Uliza bei ya mwaka wa pili kabla ya kulipa ya mwaka wa kwanza, kwa sababu mwaka wa kwanza mara nyingi huwa wa punguzo la kukuvuta. Muulize fundi akuandikie kwenye WhatsApp vitu vitatu: tovuti itajengwa kwa kifaa gani, ikishakamilika nani ana nywila, na kubadilisha bei ya nguo moja kutagharimu nini. Kama kila badiliko la bei litahitaji kumpigia yeye, tovuti hiyo itakuwa ya uongo kufikia mwezi wa tatu.

Lipa kwa awamu: nusu akianza, nusu ukishaingia mwenyewe kwa simu yako ukabadilisha bei moja, ukaiona imebadilika kwenye simu ya jirani. Malipo yote yaende kwa nambari yenye jina lake, na ujumbe wa kuthibitisha usiufute. Tarehe ya kulipia jina la tovuti iandike ukutani karibu na cherehani, wiki mbili kabla ya siku yenyewe.